Mirija Nyuma ya Tanuri

Kirolirwe, tarehe 9 Juni 1956

Kwako ndugu yangu mupenzi Émile, huko Walikale,

Nakuamkia kwa mikono miwili, wewe na bibi yako Hélène na watoto wote. Ile homa ya mvua imewaacha? Mihogo imetoka muzuri? Huku kwetu tunapumua. Bibi yangu Godelieve bado anakohoa kidogo, ng'ombe wa jirani bado wanakula maharagi yetu, na mimi kaka yako ningali na nguvu ya kutisha vijana.

Kanisa letu la matofali iko karibu kuisha, Émile. Kuta zimesimama, manjanja, yale mabati ya paa, iko juu, imebaki kufunga mugongo wa paa na kutia milango. Nani alikuwa kapita, musimamizi wa kazi hiyo? Mimi, niliyeacha masomo darasa ya pili kwa sababu mwalimu aliona nimeisha kumupita. Ile boriti kubwa ya katikati, wanaume kumi walishindwa kuiinua kule porini. Nikawaambia wakae kando, nikaibeba peke yangu mupaka hapa. Tulipoitua tukakuta chatu amelala juu yake, hata hakuamuka, namna nilivyotembea bila kutikisika. Simulia watoto. Wakiuliza chatu alienda wapi, uwaambie alibatizwa.

Watu hapa hawana neno lingine ila siku ya kufungua, mwezi wa nane. Kanisa ya zamani, ile ya majani, itakuwa nyumba ya masomo. Mama Emérita anafundisha waimbaji mupaka mbuzi wake wanajua sauti ya pili. Na ndoa ya kwanza ndani ya nyumba mupya itakuwa ya binti yangu Annonciata na Védaste, yule seremala anayetengeneza viti vya kanisa. Muchungaji Kanyamibwa alisema wazi kwamba mimi njo nitamushika Annonciata mukono tangu mulangoni mupaka mbele. Nilikuwa nimeanza kujizoeza kutembea na viatu.

Sasa sikiliza kitu kilichoniharibia roho.

Unajua desturi ya huku mulimani. Watu wakikusaidia kazi, jioni unawawekea mutungi wa kasikisi, kila mumoja na murija wake, munavuta pamoja na kupiga kelele. Bila mutungi, kesho unabaki wewe na matofali yako. Lakini Muchungaji alikuwa amekataza hiyo pombe ya ndizi kwa wakristo wote. Alisema ati kwa kazi ya Mungu, uji unatosha. Basi tukapika uji. Siku ya kwanza walikuja wengi, siku ya pili nusu, halafu nikabaki mimi na Hubert, mujenzi mwenzangu, na sufuria. Hubert akaniambia, Kapita, uji ni wa mama aliyezaa jana, sisi tumebeba mawe.

Nikafanya akili. Kila jumamosi mutungi ulifika nyuma ya tanuri la kuchomea matofali, umefunikwa na majani ya ndizi. Kuta zikapanda kama mahindi. Muchungaji akasifu uji wangu mbele ya watu wote!

Mupaka siku alipoenda kuangalia kama matofali yameiva. Akakuta mutungi, na mirija imelala pale kama muzigo wa kuni. Akatuita wote, hata Védaste. Akasema kila aliyekunywa atakatwa kwenye kanisa mupaka Noeli: hakuna meza ya Bwana, hakuna kuingia siku ya kufungua, hakuna ndoa. Émile, nikatupa macho kulia na kushoto. Tulijenga nyumba kubwa kwa sababu ile ya majani haikututosha tena, na sasa watu wasio na kosa wangeingia wote jikoni mwa Muchungaji. Védaste alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikasimama. Nikasema mutungi ni wangu, na nimekunywa yote mimi peke yangu. Muchungaji akauliza, jumamosi zote? Nikajibu zote, na zilikuwa kidogo. Akauliza, na mirija mingi hivi? Nikamwambia ati nikivuta, murija unapasuka, tumbo yangu haina subira. Hubert akakohoa ili asicheke. Muchungaji akaitazama tena ile mirija. Sijui kama aliamini ao alitaka tu kuamini. Akawarudisha wengine kwenye kazi.

Toka siku ile ni mimi peke yangu niko nje. Nafunga paa la nyumba nisiyoweza kuingia. Na shukrani iko wapi? Hubert, aliyekuwa anainamisha mutungi mupaka chini, njo kapita sasa, anatembea na ufunguo shingoni. Watoto wananiita Baba Mutungi. Hata wenyewe waliokunywa wameanza kusadiki! Juzi mumoja wao ameniuliza, bila muchezo, nilifanya namna gani kuimaliza yote. Nilitaka kumupiga na nyundo.

Sasa nikuambie neno ambalo Godelieve peke yake analijua. Ule mwaka nililala hospitali kwa muganga kule Mweso, nilikuandikia kwamba nyati amenivunja muguu. Hakuna nyati. Ilikuwa kidonda ndani ya tumbo, na muganga alinikataza pombe mupaka kufa kwangu. Niliona haya mbele ya wanaume. Basi kila jumamosi nilitia murija ndani ya mutungi pamoja nao, nikavuta mashavu, nikameza mate yangu, nikasema, ah, hii ya leo ni kali. Kati ya wote waliozunguka ule mutungi, mimi peke yangu sikuonja hata tone. Na siwezi kusema. Nikijitetea, Muchungaji atatafuta waliokunywa, Védaste atakatwa, na ndoa itakufa.

Njo maana ninakuandikia. Uje mbele ya mwezi wa nane, ulete koti lako jeusi. Wewe utamushika Annonciata mukono. Yeye anajua tu kwamba baba yake ni mulevi. Amenisamehe, na hiyo inaniuma kuliko kidonda.

Nitakuwa nje, kwenye dirisha la tatu upande wa migomba. Mukifika hapo, punguza mwendo. Usigeuke, watu wasione. Punguza tu.

Godelieve anawasalimia, Annonciata anakungoja. Umupe Hélène mukono wangu, na Mungu awachunge ninyi wote huko katika pori.

Ni mimi kaka yako,
Floribert Sebarenzi