Inchi Mbili za Futi Yako

Mama,

Shikamoo. Kuna mtu alikuita mwongo, na mimi nilikaa kimya karibu mwezi mzima. Ndiyo sababu ya barua hii. Nilitaka nianze na habari za nyumbani kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba sisi sote hatujambo, lakini nikianza hivyo najua nitaishia hapo na hili litabaki.

Nimekaa barazani, mahali ambapo cherehani yako hupata mwanga wa asubuhi. Ni Jumapili. Baba na mdogo wangu Deo wamekwenda misa ya pili, mimi nilikwenda ya kwanza. Kutoka hapa naona migomba, halafu naona msalaba wako kati ya migomba na kahawa. Ni miezi mitano sasa, na bado kila nikitoka mlangoni nafikiri kuna mtu amesimama kihambani, shambani kwetu hapa, ananisubiri.

Unaikumbuka blogu. Wewe uliiita gazeti langu. "Sasa gazeti gani hilo, Manka, halifungi hata andazi moja?" Ulicheka mpaka sindano ikakudondoka, tukaitafuta sote kwa magoti. Lakini Ijumaa ikifika ulikuwa wa kwanza kuniuliza watu wamesema nini. Nilikuwa nikitoka shule napitia intaneti kafe pale mjini, nanakili maoni ya wasomaji kwenye daftari, halafu napanda nayo hapa Uru kukusomea huku unakula kiburu chako cha ndizi na maharage. Mwanamke wa Dodoma amemshonea mwanawe kaptula kutoka kwenye suruali ya baba yake. Mwanafunzi Mtanzania aliyeko Uswidi ameshona foronya kwa mashati mawili ya mtumba. Uliposikia Uswidi uliacha kutafuna. "Huko kuna baridi. Mwambie akishona koti asisahau bitana."

Aibu yangu unaijua. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, nasimama na jibu linanikwama. Kwenye blogu sikuwa na aibu kwa sababu maneno hayakuwa yangu, yalikuwa yako. Ulikaa na kitambaa mapajani, ukapima, ukataja namba, nami nikaandika. Juu saba. Chini kumi na nne. Urefu ishirini na nane. Sikuwahi kuhoji hata namba moja.

Mshono uliopendwa kuliko yote ni gauni la komunyo la vipande sita, kutoka kwenye shuka moja jeupe la mtumba. Hata hapa Uru hiyo ndiyo ilikuwa sifa yako. Watoto ambao wazazi wao hawakuweza kununua gauni dukani walisimama kwenye mstari wa komunyo wakiwa weupe kama wengine, na hakuna aliyejua nani amevaa shuka. Kwenye blogu niliandika ulivyosema: shuka moja linatosha, na kinabaki cha kitambaa cha kichwa.

Ulipoondoka sikuwaambia wasomaji. Naona haya kuliandika hili. Waliuliza Mama Manka yuko wapi, mbona hakuna mshono mpya, nami nikajibu kwamba una kazi nyingi. Niliandika hivyo wiki moja tu baada ya kumaliza matanga. Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba angalau kuna mahali pamoja duniani ambapo bado una kazi nyingi.

Halafu yakaja maoni ya mwanamke wa Mwanza anayejiita Mama Rehema. "Mama Manka ni fundi wa mdomo. Shuka moja ameliona wapi? Langu limeisha kwenye kipande cha tano, na mtoto anapokea komunyo mwezi ujao." Chini yake mwingine akaandika kwamba hata yeye lilimwishia, ila alidhani ni mikono yake. Wa tatu akasema mafundi huficha siri makusudi ili mtu arudi kwao na kitambaa kingine.

Uso wangu ulichemka. Godlisten, yule kijana anayesimamia intaneti kafe, alipita nyuma ya kiti changu nikafunga ukurasa kama mtu aliyeshikwa akitazama picha mbaya. Alipokwenda niliufungua tena, nikayafuta maneno ya Mama Rehema. Wiki iliyofuata akaandika upya, safari hii kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. "Mbona umefuta? Nilitaka tu nijue nilipokosea."

Sikumjibu. Ijumaa mbili nilipita mbele ya mlango wa kafe bila kuingia.

Ndipo Shangazi alipokuja kutoka Tarakea na Jesca, binti yake wa mwisho. Alileta shuka jeupe la mtumba na futi mpya ya kupimia, bado iko kwenye nailoni yake. Akaniambia ulimwahidi Jesca gauni la komunyo kabla hujaugua, na kwa kuwa hupo, fundi ni mimi. Nilitaka kukataa. Jesca alikuwa ameshaanza kuligusa shuka kwa ncha za vidole, nikashindwa.

Ile futi mpya niliifurahia kuliko shuka. Yako ilikuwa bado inaning'inia kwenye shingo ya cherehani, pale ulipoiweka asubuhi ile uliyosema kichwa kinakugonga. Sisi watatu tulikuwa tunaizunguka bila kuigusa. Deo akipitisha mpira karibu nayo, Baba humtazama tu, naye huondoka.

Nikatandika shuka sakafuni, nikafungua daftari, nikachora kwa chaki namba zetu kama zilivyo. Nikakata cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano hakikuingia. Nikakigeuza kichwa chini kama ulivyonifundisha, mwembamba wa hiki ukae kando ya mpana wa kile. Hakikuingia. Jesca alikuwa ameshika ncha ya shuka ili lisikunjamane. Akaniuliza, "Dada, limekwisha?"

Mama, nitakuambia ukweli, kwa kuwa barua hii hakuna mwingine atakayeisoma. Wakati ule niliamini. Niliamini kwamba ulikuwa ukitumia shuka la pili na hukusema. Nikaanza hata kukumbuka siku ulizorudi kutoka soko la Memorial na mfuko umejaa mitumba, nikauliza moyoni humo ndani kulikuwa na nini. Nikakukasirikia. Ungekuwepo ningekuuliza, ungenijibu kwa neno moja tukaendelea na kazi. Badala yake nilisimama pale nakuhukumu, na wewe huwezi kusema kitu.

Nikaenda nikaitoa futi yako kwenye cherehani. Sikuwa nimepanga. Labda nilitaka kushika kitu ulichokishika, labda nilitaka tu kukukosea zaidi, sijui. Nikailaza juu ya ile ya Shangazi, ncha kwa ncha.

Futi yako inaanzia mbili.

Na mimi nilikuwa najua. Nilikuwepo siku kaa la moto liliporuka kutoka kwenye pasi likaiangukia. Nilikuwa darasa la nne. Uliikata pale ilipoungua, sawasawa kwenye mstari wa mbili, ukasema iliyobaki inatosha, na ikaendelea na kazi miaka yote hii. Ulipompima mtoto ulianzia kwenye ncha. Ulipopima kitambaa ulianzia kwenye ncha hiyo hiyo. Uliposema saba, ilikuwa tano kwenye mwili na tano kwenye shuka, na gauni likakaa. Hapa nyumbani namba zako hazikuwa na kosa hata moja. Mimi ndiye niliyezitoa nje nikazipeleka kwa watu wenye futi nzima. Inchi mbili za ziada kwa kila kipande, na vipande ni sita.

Nikakaa sakafuni. Shangazi alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, akadhani nimejikata. Nilipomweleza akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. "Wifi yangu huyo," akasema. "Atupe futi kwa ajili ya inchi mbili?"

Nilipunguza vile vipande vinne. Cha tano kikatosha. Cha sita nilikiunga kwa mabaki niliyoyapunguza, nikakiweka mgongoni, mahali ambapo viungo vinajificha kwenye mikunjo. Ungeviona. Wewe tu ndiye ungeviona. Jesca alivaa, akazunguka mara moja, akauliza kama anaweza kulala nalo.

Ijumaa nikarudi kafe. Kurekebisha namba ni kazi ya dakika tano, ningeweza kuandika tu kwamba watu wapunguze inchi mbili, nikaondoka. Lakini hapo bado ungebaki kuwa fundi aliyekosea. Nilitaka wajue ilivyokuwa. Nikaanza: "Mama yangu hupima kwa futi ambayo..." nikasimama. Niliyatazama maneno hayo mpaka yakaacha kuwa maneno. Nikafuta. Nikaandika: "Mama yangu alikuwa akipima." Saa nzima iliishia hapo. Godlisten alikuja kuniambia muda umekwisha, akaona kioo, nadhani alisoma. "Muda wako umekwisha, ila maliza," akasema. Akaenda kusimama mlangoni, na kila mteja aliyeingia akawa anamwambia mashine ile ya pembeni, niliyoikalia mimi, ni mbovu.

Nikamaliza. Nilieleza habari ya kaa na mkasi. Niliandika kwamba kosa ni la mwandishi na si la fundi, kwamba fundi hakuwahi kutumia zaidi ya shuka moja, na kwamba amefariki. Maoni niliyoyafuta hayawezi kurudi, kwa hiyo niliyaandika upya kwa mkono wangu, pamoja na hilo neno la fundi wa mdomo, kwa sababu Mama Rehema alikuwa na haki ya kuuliza.

Wiki iliyofuata zilikuwepo pole nyingi, nyingine kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuandika neno. Za Mama Rehema zilikuwa za mwisho. "Nimekata shuka jingine. Limetosha, na cha kichwa kimebaki kama alivyosema. Nisamehe mwanangu, sikujua naongea na mtoto aliyefiwa."

Kama alivyosema. Niliyanakili kwenye daftari nikapanda nayo nyumbani haraka, kama zamani, na nilipofika kwenye mfereji nikakumbuka kwamba nakimbilia kumsomea mtu ambaye hayupo. Nikapunguza mwendo. Nilimsomea Deo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Mwanza ni mbali kuliko Tarakea. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, mama, na anasema Mwanza kwa shida. Baba alikuwa mlangoni amegeuza uso nje. Jioni ile aliichukua futi yako kwa mkono wake mwenyewe, akaifuta vumbi.

Umebaki mshono mmoja ambao siwezi kuupunguza. Ni mfuko wa daftari, ule wa suruali ya jinzi. Huo hukuupima kwa futi. Ulitandaza mkono juu ya jinzi ukasema, andika shubiri mbili kwenda chini, shubiri moja na nusu kwenda pembeni. Yule mwanafunzi wa Uswidi ameuliza shubiri ni inchi ngapi. Nilitandaza mkono wangu nikaona vidole vyangu ni vifupi kuliko vyako.

Jana nikatoa daftari zote kwenye mfuko wangu mwenyewe, ulionishonea nikianza kidato cha kwanza. Nikaugeuza ndani nje ili nipime, kwa futi nzima ya Shangazi, mpaka kwenye ukingo wa kitambaa, pale ulipopitisha mkasi. Inchi kumi na tano kwenda chini. Nikapima tena, kumi na tano. Nikagawa kwa mbili.

Saba na nusu. Kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, ukiwa umeutandaza wote. Sikuwahi kulijua hilo ulipokuwa hai. Nilikuwa nikishikwa na mkono huo kuvuka barabara, nilipakwa mafuta nao usoni kila asubuhi, na sikujua. Nikaweka kidole gumba changu kwenye ukingo, nikaunyoosha mkono mpaka ukaniuma, na ikabaki inchi nzima ya jinzi kabla ya kufika saba na nusu, ulipofika wewe. Nikakaa hivyo mpaka Baba aliponiita nikakamue ng'ombe.

Nimemjibu yule mwanafunzi kwamba kila mtu atumie mkono wake. Saba na nusu sikuiweka kwenye blogu.

Nawasikia wanarudi kutoka misa, Deo anaimba vibaya kama kawaida. Niishie hapa, nikaweke chai. Nakuahidi, mama, sitatuma tena mshono ambao sijaukata na kuushona mwenyewe mpaka mwisho, na mtu akiniuliza alipokosea, nitamjibu siku hiyo hiyo, hata kama sauti yangu itatetemeka. Lala salama hapo kwenye migomba yako. Aika, mama, asante kwa kila kitu.

Mwanao,
Manka