Taa za Meza ya Ukaguzi

4 Machi

Mdogo wangu Bwana Swichi,

Hujambo na watoto? Huku kwa binti yangu tu wazima, ila haya macho. Miwani uliyonitumia imefika, asante, lakini nikiivaa naona ukungu mtupu. Bora uzee ungeanzia magotini. Mwanangu hanipi hata mchele niuchambue: "Mama, wewe kaa tu." Nakaa. Nawaza yale mashati meusi mia nne niliyoyapitisha yakiwa na vifungo vya buluu, na wenzangu walivyocheka, "Kipofu kapewa ukaguzi!" Miaka ishirini na mbili kiwandani, nimetoka kwa aibu.

Dada yako

17 Machi

Dada, shikamoo.

Watoto wazima, wanakusalimia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inaumwa. Vua hiyo miwani. Macho yako hayana kitu.

Unakumbuka tulipobadilisha taa za kiwanda ili bili ya umeme ishuke? Za meza yako ziliagizwa za aina yake, zinazoonyesha rangi kama ilivyo juani. Zikachelewa, na meneja anataka kazi iishe Ijumaa. Nikakufungia za ghalani. Zinawaka kweli, lakini zinaua rangi: nyeusi na buluu iliyokolea huzitofautishi. Nililijua wiki ile ile. Nilisimama pale na nyaya mbili mkononi, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Nilipotoka nazo nje, nikaona.

Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho ikaja na sifa, umeme umepungua nusu, nikafanywa fundi mkuu. Taa zako zikafika, nikaziacha ghalani. Kuzifunga kungekuwa kukiri. Siku ulipoitwa ofisini nilikuwa juu ya ngazi, nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Dada uliyenilea, nilikuacha uamini unapofuka. Miwani nilinunua ili nipate usingizi. Sikuupata.

Mdogo wako

30 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Nilitoka uani na kopo la vifungo, nikavitenga, vyeusi huku, vya buluu kule. Binti yangu akakagua: hata kimoja sikukosea. Nikalia, kisha nikakutukana mpaka jirani akachungulia.

Umeniambia mimi. Kwani mimi ndiye niliyejifukuza? Waliocheka wako huko huko. Kawaambie wao.

Dada yako, upende usipende

9 Mei

Dada, shikamoo. Natumaini afya ni njema.

Nimewaambia. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, meneja akiwepo. Nilishika shati jeusi lenye kifungo cha buluu, nikawaonyesha pale mezani, kisha nikawatoa nalo nje, wakaiona buluu. Yule mpiga pasi aliyekuita kipofu akasema, "Kumbe tulikuwa vipofu kiwanda kizima." Hakuna aliyecheka. Taa zako nimezifunga siku hiyo hiyo. Ufundi mkuu nimevuliwa, sasa namshikia mwenzangu ngazi. Ni haki yangu.

Msamaha siombi kwa karatasi. Nilitaka tu ujue nimesema.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi mzima. Meneja kaandika nirudi Jumatatu. Narudi, kazi ni yangu.

Tukikutana kiwandani, nisalimie kama wanavyonisalimia wengine, upite. Chakula cha mchana nitakula na wenzangu. Siku nitakayokusogezea kiti, utakaa. Usiniulize ni lini.

Dada yako