Mikate Iliyokubaliwa na Waamuzi wa Turku

Turku, 4 Septemba 1929

Dada Saimi,

Hujambo huko Paris? Sisi wazima, ila mgongo wa Mama. Barua yako nimeisoma mpaka nimeichukia. Kila mstari wakubisti, hao wachoraji wako wa kisasa: gitaa linakatwa vipande, mtungi unalazwa bapa, kivuli marufuku. Mimi hapa shule ya uchoraji bado nachora kichwa cha sanamu ya plasta. Kwa wivu nikajaribu na mimi, bila kuona hata picha yao moja. Gitaa hatuna, basi nikachora mikate yetu myeusi yenye tundu, ilivyotungwa kwenye mti chini ya dari. Miduara mitupu. Nimeipeleka kwa waamuzi wa maonyesho ya vuli. Usinicheke.

Mdogo wako,
Aune

Paris, 15 Septemba

Aune wangu,

Mpe Mama pole. Mimi nina mafua tu. Nimecheka, samahani. Ukubisti haupatikani kwa kusimuliwa, mpenzi. Na mimi nimewatumia waamuzi haohao picha tatu. Zikitundikwa, simama karibu usikie watu wanasemaje.

Dada yako,
Saimi

Turku, 5 Oktoba

Dada,

Natumai mafua yamekwisha. Zako zimerudishwa zote. Mwamuzi mmoja kasema picha kama hizo Paris zimejaa, za nini kuletewa huku. Yangu imekubaliwa. Nimejitahidi kusikitika, nimeshindwa.

Mdogo wako,
Aune

Paris, 14 Oktoba

Aune,

Nimepona. Narudi kwa meli kabla ya ufunguzi. Iondoe picha ile. Ukubisti umeupata kwangu, na mikate ni ya nyumbani kwetu sote. Tangu uniandikie naichora kila siku, haitoki. Nikionyesha chochote baada yako, watasema namwiga mtoto. Kama unanipenda, iondoe.

Saimi

Turku, 23 Oktoba

Dada Saimi,

Safari njema, Mama hajambo kidogo. Nilikwenda ukumbini kuiondoa. Unanijua, mbele ya watu Kifini kinanikimbia, nikaanza kwa Kiswidi chetu cha nyumbani, nikasema nimefuata picha ya mikate. Mwamuzi akanitazama.

“Kumbe ni wewe, binti, uliyeichora?”

“Ndiyo, ni mimi.”

Hapo nikasahau kilichonipeleka. Uongo, sikusahau. Picha ipo ukutani, sitaiondoa.

Chumba chako nimekihamia na rangi zangu, kwa ajili ya mwanga wa lile dirisha la kaskazini. Wewe Mama amekutandikia kwake.

Mdogo wako,
Aune