Sifuri Kila Ijumaa

3 Machi

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mume gani wewe, miezi mitano sasa hujakanyaga mlango wangu? Simu hupokei. Basi nimemkalisha jirani yangu mshonaji hapa, anaandika ninavyosema, na nimemkataza kulainisha. Hujambo? Unakula? Mimi mzima, meno tu ndiyo yananikimbia.

Dada yako kaniambia mgongo uliouumiza ulipoanguka kutoka gari la polisi haujapona, mwaka wa pili sasa. Na kazini kwenu eti wamekupa mganga wa kwenye simu! Asiyekugusa? Mgongo anauonaje, kwa kuchungulia kioo? Hawana aibu. Waliwapakia kwenye lile gari kama magunia, leo wanakutibu kwa kioo. Nijibu upesi, kabla sijaja huko kambini na mkongojo wangu.

Bibi yako

11 Machi

Bibi mpenzi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mzima wa afya. Nisamehe kwa ukimya, na tafadhali usije na mkongojo. Mlinzi wa getini bado anakukumbuka.

Si mganga, Bibi, ni mshauri, mama mtu mzima. Kila Ijumaa tunaonana kwa video. Hasemi maumivu yangu ni ya uongo. Anasema jeraha limefunga, ila mwili umebaki na hofu, kama king'ora kinachoendelea kulia na moto umeshazimwa. Ananifundisha kutembea kidogo kidogo, kupumua, nisilale siku nzima nikizidiwa, wala nisijimalize siku ninapopata nafuu.

Kabla ya kuongea najaza fomu: maumivu ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Mimi naandika sifuri. Nikiandika saba na mkuu wa kikosi akajua, nitatolewa doria niwekwe stoo. Aliyewekwa stoo mwaka jana, mkuu alimwita Kikongwe, na kikosi kizima kinamwita hivyo mpaka leo.

Mumeo

18 Machi

Wewe!

Salamu leo utazipata mwishoni, ukizistahili. Mama wa watu anakaa anakuuliza unaumwa kiasi gani, unamjibu sifuri? Huyu mshonaji wangu ukimpa kiuno cha mtu mwingine, hiyo suruali utaivaa wewe? Mshauri nilimsema vibaya bure. Mwambie bibi anaomba radhi, mjinga yuko upande wako wa simu.

Na huyo mkuu anayegawia wagonjwa majina, yeye hajawahi kuumwa hata jino? Mtu mzima mwenye nyota mabegani, kazi yake kuchekelea migongo ya watoto wa wenzake! Ningemzaa mimi, angejua.

Ijumaa hii andika saba. Umenisikia? Saba.

Haya, hujambo?

Bibi yako

20 Mei

Bibi, shikamoo.

Leo sikuandikii kwamba mimi mzima. Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu sikukutii. Niliandika sifuri mpaka wiki ya mwisho ya matibabu. Mshauri akanipongeza, akafunga faili langu, na daktari wa kikosi akasaini kwamba nimepona, naweza kazi zote. Jumatatu tukapangwa gwaride, masaa matatu wima na ngao mkononi. Hata saa moja haikuisha. Miguu ilikufa ganzi nikaanguka kifudifudi mbele ya kikosi kizima. Mkuu akanipungia ile karatasi. "Inuka wewe, hapa imeandikwa umepona." Na ni kweli, Bibi. Maneno yalikuwa yangu.

Nimemwandikia mshauri ukweli wote. Hakunigombeza. Akaniambia majibu ya Ijumaa alikuwa akiyasoma yeye peke yake. Kwa mkuu haikufika hata namba moja. Nilikuwa namficha mtu ambaye hakuwa anatazama. Sasa tunaanza upya, wiki ya kwanza, na ameandika barua niondolewe gwaride. Ijumaa nimejaza nane.

Niko stoo, nahesabu buti. Kisa cha fomu nilimsimulia mwenzangu mmoja, sasa wote wananiita Sifuri.

Mjukuu wako

29 Mei

Mjukuu wangu,

Pole. Pole sana, baba. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mshonaji akalia, mimi nikafoka, kila mtu na kazi yake.

Wewe sikufokei tena. Nawafokea waliokufundisha kulenga shabaha, kupiga saluti na kung'arisha buti, wasikufundishe kusema "naumia". Mtu anaanguka mbele yao, wanamwonyesha karatasi! Karatasi ndiyo imeanguka? Na hao wanaokuita Sifuri, waulize kwa niaba yangu: wao wanaficha ngapi? Utaona watakavyotazama viatu vyao.

Huyo mshauri msikilize. Akikuambia hatua kumi, zisiwe kumi na moja.

Jumapili unakuja. Usivae sare. Ukishuka kituoni, panda kilima taratibu, na mgongo ukikushika njiani usijikaze ili ufike kwangu kiume. Kaa kitako kwenye kibaraza cha fundi viatu, mbele ya watu wote. Wakikuuliza una nini, waambie mgongo unauma. Sema kwa sauti, nisikie huku juu. Nitashuka mimi.

Bibi yako