Kikombe cha Maziwa cha Odhiambo

Kogo,

Nimeshinda, nyanya yangu. Na wewe umeshikwa, kwa hivyo kaa vizuri huko uliko unisikilize.

Juzi nilisimama mbele ya maprofesa wanne nikaitetea tasnifu yangu, na wameipitisha. Mjukuu wako wa Sosiot, yule uliyekuwa ukimtoa kwenye majani chai kwa fimbo ili aende shule, sasa ana digrii ya pili. Nililia chooni kwa sababu hukuwepo. Halafu nikanawa uso nikaja nyumbani, maana kazi yenyewe ilikuwa bado.

Unaikumbuka siku nilipomleta Odhiambo, mchumba wangu, fundi wa mashine wa kiwanda cha chai. Ulimchemshia maziwa ya ng'ombe mwekundu, ukamjazia kile kikombe kikubwa cha bati. Akakizungusha mikononi, akakirudisha mezani kikiwa kimejaa. Aliomba radhi kwamba maziwa humsumbua tumbo. Wewe ulisikia dharau. "Mtu akikataa maziwa yangu, amenikataa mimi," ulisema, ukaongeza kwamba huyo kijana wa watu wa ziwani hatamchukua mjukuu wako. Miezi mitatu baadaye ukafariki. Neno lako likabaki, na Baba Mdogo Kiprono akalishika kama amri ya Mungu: hakuna koito, ile sherehe ya uchumba, hakuna mzee atakayekaa chini kuzungumzia ndoa yangu, mpaka huyo mtu anywe.

Nilikukasirikia, Kogo. Ulikufa hatujapatana, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Ndiyo maana nililifanya tumbo la Odhiambo kuwa somo langu. Maprofesa hawakujua.

Nusu ya somo ulinifundisha wewe. Ukichagua fahali ulikuwa ukisema, "Huyu hatoi maziwa, lakini maziwa iko ndani yake. Utaiona kwa binti zake." Basi siku mwalimu aliposema kwamba kila seli imebeba jeni zote lakini hunakili zile tu zinazoruhusiwa, wenzangu walishangaa. Mimi nilikuwa namwona fahali wako.

Sikiliza sasa. Odhiambo ana jeni ya kumeng'enya maziwa, sawa na mimi. Kila mtoto anayenyonya huitumia. Akishaachishwa, seli za utumbo huacha kuinakili polepole, na kwa watu wengi duniani ndiyo basi. Lakini maelfu ya herufi kabla jeni hiyo haijaanza, kuna mahali padogo kwenye DNA ambapo protini fulani hushika. Ikishika vizuri, jeni huendelea kunakiliwa hata mtu akizeeka. Kwa wengi wetu tuliotoka kwa wafugaji, herufi moja hapo imebadilika, na protini inashika kwa nguvu zaidi. Herufi moja, Kogo! Nilizipima sehemu zote mbili maabarani, yangu na ya Odhiambo, na tofauti ilikuwa hapo hapo. Hakukuwa na dharau yoyote tumboni mwake.

Lakini Baba Mdogo hangepima neno lako kwa tasnifu. Kwa hivyo Jumapili asubuhi, kabla mtu hajala, niliwakalisha yeye na Odhiambo mezani pako, kila mmoja na kikombe cha maziwa ya moto. Nilikuwa na mashine ya shangazi ya kupima sukari. Maziwa yakimeng'enywa, sukari ya damu hupanda. Baba Mdogo alikubali haraka, akitaka kumwona kijana akiaibika. Nilianza na mimi, maana nami nilikunywa changu: yangu ikapanda. Ya Odhiambo ikabaki palepale, na punde akatoka mbio. Ya Baba Mdogo nayo ikabaki palepale! Nikampima mara tatu. Kabla sijamaliza ya nne naye akatoka mbio, na unajua choo chetu ni kimoja.

Aliporudi alicheka mpaka machozi. Akasema, "Hii tumbo ni ya mama. Hata yeye maziwa ilikuwa inamsumbua. Aliniambia nisiambie mtu."

Kogo! Miaka yote ile nilidhani unakunywa turungi, chai isiyo na maziwa, ili maziwa yawatoshe wageni. Nilisema hivyo hata kwenye mazishi yako, na watu wakalia. Mursik ulikunywa, kwa kuwa maziwa yakichachuka kwenye kibuyu sukari yake hupungua. Maziwa ya moto sikukuona ukiyagusa hata siku moja. Kisha Baba Mdogo akanieleza kwamba ulipoolewa hapa mama mkwe wako alikujazia kikombe, ukakimaliza ukitabasamu, ukaugua hadi kesho yake, na hakuna aliyejua. Kumbe ulimpimia Odhiambo kipimo ulichopimiwa wewe. Hasira yangu iliishia hapo.

Koito ni Jumamosi. Baba Mdogo mwenyewe ataongoza wazee, na sasa anamwita Odhiambo "mtu wa tumbo yangu".

Nakuahidi hili: nyumbani kwangu maziwa yatakuwepo na turungi itakuwepo, na hakuna mgeni atakayekunywa chochote ili akubaliwe. Na Jumamosi nitakijaza turungi kile kikombe chako cha bati, nikiweke mbele ya wageni wote, niseme kwa sauti kwamba ni cha Kogo.

Kwaheri, mama wa baba yangu. Huna haja ya kujificha tena.

Mjukuu wako,
Chepkoech