Kuku Kwenye Filamu ya Ngoma

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa saba sasa napiga deki nyumba ya ngoma isiyo na ngoma. Makasha ya picha, mikanda ya filamu, madaftari ya wachezaji, viatu vya marehemu — na marufuku hata kupiga mluzi! Watafiti wanavaa glavu, wanakaa saa nane nzima kwenye kiti kimoja wakisoma habari za kiuno. Vyao vimekauka kama kuni. Leo wawili wamegombana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka: kiatu fulani ni cha dansi gani. Nusura niwaambie wakivae wacheze. Nikakamua tambara langu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike polepole.

Nilipeleka viti ukumbini. Daktari alikuwa anajaribu filamu ya Jumamosi, watakapokuja wageni wa jumuiya yao ya watafiti. Huyu mama hatibu hata mafua — ni daktari wa ngoma. Filamu haina sauti. Wanawake kumi ndani ya nyumba mpya isiyoezekwa, wanakanyaga udongo wa sakafu: mguu, mguu, bega. Ngoma ya kwetu! Nimeicheza mwenyewe utotoni. Na wa tatu kutoka kushoto, mwenye kovu la moto begani — mama mdogo! Msichana, mwembamba, anacheka na pengo lake. Chini wameandika: mwanamke asiyejulikana. Asiyejulikana na nani?

Lakini kuna kitu. Wanaanzia mlangoni, wanakwenda mbele mpaka ukuta wa ndani. Hapana! Kwetu unaanzia ukuta wa ndani, unarudi kinyumenyume ukitazama ulichokanyaga, unamalizia mlangoni. Ukianzia mlangoni utatokea wapi, dirishani? Kila mpiga deki analijua hilo.

Nikatazama pembeni mwa picha. Kuku. Anatembea kinyumenyume, anatema punje chini.

Jamani. Wanaionyesha kuanzia mwisho!

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia mkuu wa stoo, aliyenitafutia kazi hii. Akaguna, akafungua kasha. Kweli: mkanda uliviringishwa mwisho ukabaki nje, na aliyeuhamishia kwenye kompyuta akaanzia hapohapo. Akacheka mpaka akashikilia rafu. Kisha kicheko kikakatika kama umeme.

Daktari ana kitabu juu ya filamu hii, kinene kama tofali. Ati wanawake wanaingia nyumbani kwa ujasiri, wanaikabili kesho. Miaka kumi na miwili anawafundisha watu kuicheza hivyo. Wasomi wote hao, hakuna aliyemtazama kuku!

Mkuu akaniuliza mkataba wangu unaisha lini. Mwisho wa mwezi. Bila mkataba hakuna kibali, bila kibali cha kukaa nchi hii narudishwa kwetu. Na anayesaini ni nani? Daktari.

Nikamwambia, "Basi kaka, kuku na atembee anavyotaka."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipiga picha filamu ikionyeshwa ukutani, nikamtumia mama mdogo kwenye simu ya bintiye. Kapiga mwenyewe, anapiga kelele.

"Ndimi huyo! Wewe, nami niliwahi kuwa na kiuno!"

Nikamweleza wanavyocheza huku, toka mlangoni kwenda ndani. Kicheko. "Juu ya sakafu mbichi? Wanatuharibia kazi! Hawana mama zao?"

Halafu akaanza kuwahesabu wenzake pichani. Akasema katika wale kumi amebaki yeye peke yake. Kila mmoja akanitajia, jina na jina la baba yake. "Tuwekwe sawa, mwanangu." Nikamwambia habari ya mkataba. Akasema kazi nitapata nyingine. Kisha akasema, "Au usipate. Mimi mambo ya huko siyajui."

Ijumaa, 7 Machi

Nilimfuata Daktari, ndoo mkononi. Samahani mama, ule mkanda… Akanishika bega, macho yamemlowa. Ati amesikia ni ngoma ya kwetu! Ati Jumamosi nitasema machache. Kumbe ameshaniandikia: "Nawashukuru mliotutunzia ngoma yetu." Sikupata pa kuingiza neno. Alinipa na biskuti.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kando ya pazia. Wageni wanakunywa chai.

Walikuwa arobaini, wamevua viatu. Wameanzia mlangoni, mguu, mguu, bega, mpaka ukutani — na hapo wakakwama! Wa nyuma wanasukuma, wa mbele pua zimebanwa kwenye rangi, profesa mmoja kakanyagwa kidole gumba analia. Daktari akatangaza kwamba ukuta huo una maana nzito. Wakaandika! Nilicheka mpaka nikajiuma mkono.

Kisha filamu ikarudiwa, na mama mdogo akapita tena, asiyejulikana, na kicheko kikanikauka.

Wamerudi vitini. Daktari anasema mwana wa ngoma hii yumo humu ndani. Makofi. Karatasi yake ninayo, ina mstari mmoja tu. Mkuu wa stoo, kule mlangoni, ananitikisia kichwa: usithubutu.

Mama mdogo yuko hewani. Nimempigia asikie, simu nimeiweka mfuko wa shati, hajakata. Namsikia anakohoa, anawanyamazisha watu wa nyumbani.

Daktari amenishika mkono wa kushoto, ananipa maiki