Nilivyoitikia Jina Lako

Baba Salimu,

Usitafute salamu humu, sina za kukupa. Wala usiulize nani kaniandikia. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono huu uliosema haufai kushika kalamu.

Unazikumbuka Jumatatu zetu za shamba la kijiji? Katibu anapuliza filimbi, anafungua daftari, anaita wakuu wa kaya. Likifika jina lako napaza sauti mimi: "Yupo, anakuja!" Ulikuwa huji. Ulikuwa Muheza kwa yule mwanamke wako, nami nalima sehemu yako na yangu, nina mimba ya Salimu. Ukirudi unanimenyea chungwa, unasema, "Mke wangu, bila wewe ningeaibika." Mjinga mimi nayeyuka. Na machungwa yalikuwa matamu, sitakudanganya.

Kisha ukahamia hukohuko. Nililia, nikanyamaza. Nikaenda kisomo cha watu wazima, nikacheka tena, nikala ugali wa bada nikashiba. Mwaka mzima. Nikajua nimepona.

Mpaka Jumatatu ile. Daftari lilikuwa bado na jina lako; mwaka wote katibu aliliruka, siku hiyo akasahau akaliita, na mdomo wangu usio na haya ukajibu, "Yupo, anakuja!" Shamba zima likaangua kicheko. Niliacha jembe palepale, nikaenda kulia siku tatu, utadhani umeondoka jana. Nilikuchukia, nikajichukia zaidi.

Aliyenitoa kitandani ni dada yako. "Wifi, umekosea mara moja tu," alisema. "Uongo huo umeusema kila wiki kwa miaka, mdomo umezoea. Inuka ukalime."

Nikainuka. Usidhani siumii. Leo asubuhi nimeliona koti lako la mvua kwenye msumari, nikashikwa na hasira. Lakini ukungu ulikuwa mzito na nilikuwa nachelewa, basi nikalivaa.

Nisingeweza kuchelewa, kwa sababu daftari sasa nalishika mimi. Katibu macho yamemchoka. Jina lako nililiacha humo makusudi. Leo nimeliita kwa sauti, mbele ya walewale walionicheka, nikaubana mdomo. Hakuna aliyeitika, hata mimi. Nikaandika: Hayupo. Kisha nikalikata, nikaandika langu juu yake.

Kaa hukohuko.

Mimi Mama Salimu,
mkuu wa kaya hii.